Mbio za Jangwani Hukimbiwa Nyumbani

Twapenda mwezi huu kuzungumza na wasomaji wetu, wazee kwa vijana, juu ya jambo ambalo laweza kuonekana geni katika kurasa hizi. Vijana wetu siku hizi wasikia khabari za mbio ndefu mno zinazokimbiwa milimani na majangwani, mbio za kilomita mia na zaidi, na baadhi yao wameingiwa na hamu ya kwenda kujaribu. Wazazi nao hugawanyika: mmoja husema huo ni wazimu, mwengine husema mwacheni mtoto na ujana wake. Kauli zote mbili twaziona zina upungufu. Ya kwanza yamkataza kijana bila ya kumpa hoja, na ya pili yamwacha aende bila ya kumpa elimu. Na katika mbio za namna hii, kwenda bila ya elimu ni khatari ya roho.

Mbio zenyewe

Tutatwaa mfano mmoja ulio mashuhuri, nao umo katika nchi ya Waislamu: mbio za jangwani za Moroko zijulikanazo kwa jina la Marathon des Sables, yaani Marathoni ya Mchanga. Asili yake ni safari ya Mfaransa mmoja, Patrick Bauer, ambaye mwaka 1984 alikata kwa miguu kiasi cha kilomita 350 za Sahara kwa siku 12, peke yake, na maji na chakula chake mgongoni. Mwaka 1986 akaanzisha mbio kusini ya Moroko, na waliojitokeza mara ya kwanza walikuwa watu 23 tu. Leo wanaokwenda kila mwaka ni mamia, kutoka kila pembe ya dunia.

Masafa yake ni kiasi cha kilomita 250, nayo hugawanywa kwa siku kadhaa ndani ya wiki moja. Siku moja katika hizo huwa ndefu kuliko zote, kilomita 80 au 90, na wengi huimaliza usiku wa manane au kesho yake. Joto laweza kufika nyuzi 50. Kanuni za miaka mingi zimemtaka kila mtu abebe shanta lake lisilopungua kilo 6 na nusu wala kuzidi kilo 15, maji hayamo katika hesabu. Ndani ya shanta huwamo chakula cha wiki nzima, mfuko wa kulalia, dira, kisu, filimbi, kioo cha kuashiria, taa ya kichwani, na chombo cha kunyonyea sumu ya nge na nyoka. Wenye mbio wamekuwa wakimpa maji, na hema la kulala.

Wala wasidhani vijana wetu kwamba haya ni mambo ya Wazungu peke yao. Lahcen Ahansal, mtu wa Zagora kusini ya Moroko, alishinda mbio hizi mara 10: mwaka 1997, kisha kila mwaka tangu 1999 hata 2007. Nduguye Mohamad alishinda mwaka 1998, na tena 2008, 2009, 2010 na 2013. Tazameni hesabu hiyo: tangu 1997 hata 2010, miaka 14 kamili, ushindi haukutoka katika nyumba moja. Baada yao akatokea Rachid El Morabity, naye wa Zagora, aliyeshinda mara ya kwanza mwaka 2011, na kila mwaka tangu 2014 hata 2019.

Siri yao ni ipi? Watu hawa hawakuzaliwa na miguu ya namna ya peke yake. Walikulia pale pale, juu ya mchanga ule na chini ya jua lile, wakalizoea jangwa tangu utotoni. Mgeni anayekwenda kukimbia nao hana budi kuutafuta kwa miezi baadhi ya ule uzoefu walioupata kwa umri wao. Ndiyo maana twasema mbio za jangwani hukimbiwa nyumbani. Mwenye kufika mstari wa kuanzia bila ya kujitayarisha, mambo yake yamekwisha haribika kabla hajapiga hatua ya kwanza.

Salama na kilima chake

Yatupasa tukumbuke kwamba kukimbia kwa miguu si jambo lililodharauliwa katika dini yetu. Wanazuoni wamepokea kwamba Mtume (s.a.w.) alishindana mbio na Bibi Aisha (r.a.), mara ya kwanza Bibi Aisha akatangulia, na mara nyengine, baada ya muda kupita, Mtume akatangulia, akamwambia kwa kumfurahisha kuwa sasa wamelipana. Wenye nyumba na wazingatie khabari hii, waume kwa wake.

Lakini khabari inayotufaa zaidi hapa ni ya sahaba Salama bin al-Akwaa (r.a.), nayo imo katika Sahihi ya Muslim. Wanyang'anyi walipopora ngamia wa Mtume karibu na Madina, Salama aliwafuata kwa miguu, peke yake, akiwakimbiza na kuwatupia mishale, mpaka akawanyang'anya walichokichukua. Mtume akamsifu kuwa ndiye mbora wa watu wa miguu siku ile. Njiani wakati wa kurudi, mtu mmoja wa Ansari, ambaye hakuwa akishindwa kwa mbio, akaita nani atakayeshindana naye mpaka Madina. Salama akaomba ruhusa kwa Mtume, akashuka juu ya ngamia, wakaanza.

Sasa angalieni alivyofanya. Hakuruka mbele kama mshale. Amesimulia mwenyewe kwamba alijizuia kwa kilima kimoja au viwili, akiihifadhi pumzi yake, na huku mwenzake yu mbele. Kisha ndipo alipoongeza mwendo, akamfikia, akampita, akatangulia Madina. Mafunzo yote ya mbio ndefu yaliyoandikwa katika zama zetu, ukiyakamua, tone litakalotoka ni hilo hilo: jizuie mwanzo, ili uwe na kitu mwisho. Nasi twasema, ajizuie katika mbio, na ajizuie kabla ya hapo katika mazoezi.

Kidogo kinachodumu

Mwenye kusomesha Kurani alijua jambo hili bila ya kuambiwa. Mtoto anayehifadhi aya tatu kila siku baada ya alfajiri, na kila wiki akarudia alizotangulia kuzihifadhi, mwisho wa mwaka huwa na kitu kifuani. Ama yule anayekesha usiku mmoja akimeza juzuu nzima, baada ya wiki huulizwa akatazama dari. Na dini yetu imetufundisha kuwa amali ipendezayo zaidi kwa Mwenyezi Mungu ni ile inayodumu, ijapokuwa ni ndogo.

Mwili nao una tabia hiyo hiyo. Moyo na mapafu huizoea kazi mpya kwa wiki chache, misuli huchukua zaidi kidogo, lakini kano na mifupa huhitaji miezi. Hapa ndipo wengi wanapopata khasara. Kijana akiisha kukimbia wiki sita hujiona ana pumzi za farasi, akazidisha masafa kwa ghafla, na mfupa wa muundi au wa unyayo, ambao haujawa tayari, ukafanya ufa. Basi miezi mitatu akakaa kitako kwa kosa la siku kumi.

Kwa hiyo anayetaka kwenda mbio za namna hii kwa mara ya kwanza, na ajipe miezi isiyopungua minane au tisa, naye awe tangu mwanzo aweza kukimbia saa moja bila ya taabu. Akimbie siku nne au tano katika wiki. Jumla ya wiki asiizidishe kwa zaidi ya fungu moja katika mafungu kumi, na kila wiki ya nne apunguze, kwani kukimbia huuchosha mwili, na kulala ndiko kunakoujenga. Mbio zake nyingi na ziwe za polepole. Kipimo chake hakihitaji chombo: akiweza kuzungumza na mwenziwe maneno yaliyokamilika bila ya kukatika pumzi, mwendo wake ni sawa; akishindwa, ameharakisha.

Katika miezi ya kati aanze kuunga siku mbili ndefu, mathalan Jumamosi saa tatu au nne, na Jumapili saa nyengine tatu, miguu ikiwa bado ina uchovu wa jana. Mbio za jangwani ni za siku nyingi mfululizo, na siku ya tatu hakuna aliye mpya, kila mtu amechoka. Anachotakiwa mtu ni kujua kwenda vyema na uchovu wake. Wala asione haya kutembea. Wengi wanaomaliza mbio hizi hutembea sehemu kubwa ya njia, na kutembea kwa haraka kwenye mchanga na kwenye mlima, na mzigo mgongoni, ni ufundi unaohitaji kufunzwa kama ufundi mwengine wowote. Wiki mbili au tatu za mwisho apunguze sana, ingawa nafsi itamshawishi azidishe.

Mchanga, joto na miguu

Sisi tulio pwani tumepewa chuo cha mchanga bila ya ada. Maji yakupwapo, mchanga wa chini huwa mgumu na wa juu huwa laini. Aanze na ule mgumu, kisha apande kwenye ule laini dakika chache kila siku, kwani mchanga laini huivuta kano ya kisigino kwa nguvu, na asiyeizoesha itamuuma miezi. Shanta nalo aanze na kilo mbili, aongeze pole pole mpaka ufike uzito atakaouchukua. Mzigo usiowahi kuubeba nyumbani utakuchubua mabega ugenini.

Juu ya joto, wataalamu wamethibitisha kwamba mwili huhitaji siku 10 hadi 14 za kufanya kazi ndani yake ili uzoee. Katika siku hizo mtu huanza kutoka jasho mapema zaidi na kwa wingi, chumvi inayopotea na jasho hupungua, na maji ya damu huongezeka. Lakini mtu wa pwani asighurike. Joto letu lina unyevu, na jasho twaliona likichuruzika. Joto la jangwa ni kavu, na jasho hukauka lilipotoka, hata mtu hudhani hatoki jasho, naye anakauka.

Ama miguu, hiyo ndiyo inayowatoa wengi machozi. Katika joto na kwa masafa marefu miguu huvimba, basi viatu na viwe vikubwa kidogo kuliko kipimo cha kila siku, na vishonewe kitambaa juu yake cha kuzuia mchanga usiingie. Kucha zikatwe. Aonapo mahali pameanza kuwaka moto, asimame hapo hapo apafunge. Dakika tano za kusimama ni bora kuliko siku mbili za kuchechemea na malengelenge.

Chakula na maji

Wanga unaowekwa ndani ya misuli na ini hutosha kwa kazi ya nguvu kiasi cha saa moja na nusu au mbili tu. Mafuta ya mwilini yapo ya siku nyingi, lakini huungua polepole. Ndiyo sababu mkimbiaji hana budi kula njiani, kidogo kidogo, wanga wa gramu 30 hadi 60 kila saa. Tende tatu zilizo kubwa zaweza kutoa gramu 50, na hapana haja ya kuisifu tende mbele ya Waislamu. Lakini tumbo pia hufunzwa. Anayekula mbio zake zote za nyumbani bila ya kitu, kisha akataka kula jangwani, tumbo litamkataa. Kanuni zimekuwa zikitaka chakula kisichopungua kalori 2,000 kwa kila siku, nacho chote huchukuliwa mgongoni, kwa hiyo karanga, lozi na korosho, vyenye mafuta mengi na uzito mdogo, vina nafasi yao.

Juu ya maji watu wengi wajua nusu ya khabari. Wajua kuwa kukosa maji huua, na hiyo ni kweli. Hawajui kwamba kuyanywa kupita kiasi nako kwaweza kuua. Mwaka 1985 wataalamu wa Afrika ya Kusini walieleza khabari za wanamichezo wa masafa marefu waliougua kwa kunywa maji mengi mno, chumvi ya damu ikapungua, ubongo ukavimba. Basi anywe kwa kiu yake, ale na chumvi, na asijishindilie maji kwa khofu. Pia asimeze vidonge vya kutuliza maumivu na uvimbe akiwa anakimbia, kwani vingi katika hivyo huyadhuru mafigo yanapokuwa na uhaba wa maji.

Sala na funga

Hapana mbio zinazoondoa sala. Msafiri wa safari ya halali amepewa ruhusa ya kufupisha sala za rakaa nne, na ya kukusanya kwa mujibu wa wanazuoni wengi, na maji yakiwa hayatoshi ila kwa kunywa, upo udongo ulio safi wa kutayamamia. Kabla ya kuondoka na amwendee sheikh wake amsomeshe hukumu hizi, kama alivyomwendea daktari ampime moyo. Mavazi yasitiri: nguo pana yenye mikono mirefu na kitambaa cha kichwani ni sitara, tena ni kinga ya jua, na watu wa jangwa wamevaa hivyo tangu zamani. Binti mwenye hamu hii naye ana haki ya mazoezi na afya, pamoja na kuchunga sitara na kupata mahram wa kusafiri naye. Wanawake wa Moroko nao wamewahi kuzishinda mbio hizo.

Ramadhani ikiingia kati ya miezi ya mazoezi, funga ndiyo itangulie. Mazoezi ya mchezo si udhuru wa kula mchana. Apunguze masafa, akimbie kidogo karibu na magharibi au baada ya tarawehe, na asione khofu kuwa atapoteza nguvu zake. Mwezi mmoja wa kazi nyepesi hauharibu jengo la miezi minane.

Kujua kusimama

Sasa twafika kwenye jambo ambalo kwetu ndilo kubwa kuliko yote. Mwaka 1994 Mtaliana mmoja, Mauro Prosperi, alikuwa katika mbio hizi za Moroko, naye hakuwa mtu dhaifu. Tufani ya mchanga ikavuma. Alikuwa katika nafasi njema, na amesimulia mwenyewe baadaye kwamba hakutaka kuipoteza, basi akaendelea kwenda. Tufani ilipotulia, njia haikuwapo. Alitangatanga siku nyingi, akajihifadhi katika kuba la walii lililo tupu, mpaka akatokea nchi ya Algeria, mbali kabisa na njia yake, akiwa amekonda vibaya. Waliompokea na kumwokoa ni familia ya wahamaji wa jangwani, kwa rehema za Mwenyezi Mungu. Na mwaka 2021, mbio zilipofanywa mwezi wa Oktoba kwa sababu ya maradhi ya korona, joto lilikuwa kali mno, mkimbiaji mmoja akafariki, na karibu nusu ya walioanza hawakumaliza.

Twasimulia haya si kwa kumtisha kijana, bali kwa kumwambia kuwa kusimama nako ni fundisho la kujifunza nyumbani. Siku ya mazoezi ambayo goti lauma, na ratiba yasema kilomita 30, na mwenziwe amngoja nje, hapo ndipo apatapo mtihani wake. Akiweza kusema leo narudi, ataweza kuyasema hayo jangwani. Asiyeweza kuyasema kwenye barabara ya mtaani kwao, huko mbele ya watu na kamera hatayasema kabisa. Mwili si mali yetu tufanye tutakavyo, ni amana, na Mtume (s.a.w.) ametujulisha kuwa una haki juu yetu. Aliyerudi nyumbani mzima bila ya medali amerudisha amana.

Wasia kwa wazazi

Mzazi atakapoombwa ruhusa, asiseme "la" wala "haya" kwa haraka. Na aulize mambo matatu. La kwanza, fedha zatoka wapi? Gharama za kuingia tu ni maelfu ya yuro, na nauli iko mbali. Kuzikopa, seuze kwa riba, au kuzitoa katika haki ya wazee na watoto, hakufai. Asiye na uwezo huo asihuzunike, kwani mazoezi tuliyoyataja hayana ada, na faida yake kubwa ameipata kabla ya kupanda ndege. La pili, nia ni ipi? Ikiwa ni kuonekana, picha moja yatosha kuimaliza thawabu yote. La tatu, miezi ya mazoezi imemfanyaje? Ikiwa kijana sasa aamka kabla ya alfajiri, alala mapema, ameacha sigara, na hasira zake zimepungua, basi mzazi ameliona jibu kwa macho yake. Ikiwa sala zimechelewa na wazee wamesahauliwa kwa ajili ya kilomita, hilo nalo ni jibu.

Na sisi watu wazima tusijitoe katika maneno haya. Wengi wetu twaiombea Hija kila siku, nayo ni ibada ya miguu. Saayi peke yake, mizunguko saba baina ya Safa na Marwa, yapita kilomita tatu. Bibi Hajar aliikimbia njia hiyo juani, na mwanawe akilia kwa kiu. Mwenye kuitaka Hija na aanze leo kutembea nusu saa baada ya sala ya alfajiri, kilima kimoja au viwili, akiihifadhi pumzi yake.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awalinde vijana wetu, awape nguvu zenye hekima, na atujaalie sote kuirudisha amana kama tulivyokabidhiwa. Wabillahi tawfiki.